Anza Chini Upande Taratibu

Wanasema hasira hasara. Sawa. Lakini hasira ya fundi ilimpatia mchumba kwanza, hasara ikaja nyuma inatweta.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, ukumbi wa dawa wa hospitali umejaa hadi mlangoni. Fundi alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mbili, mnene, mweusi wa kung'aa, kavaa gauni la maua ya njano alilolishona mwenyewe, futi ya kupimia ingali shingoni maana aliondoka dukani kwa haraka akasahau kuivua. Mkononi alikuwa na karatasi yenye namba sitini na tatu. Kibao cha taa kikaita sitini na mbili, kikakoroma, kikaita sitini na nne.

Fundi akainuka. Magoti yakalia kwa pamoja.

"Wewe wa dirishani!"

"Mama, subiri uitwe."

"Niitwe na nani? Nimerukwa! Sitini na tatu si namba? Shuleni kwenu mlihesabu mkiwa usingizini?"

Mtoa dawa akainua macho. Mwanamume mrefu, mvi zimeanza kuchungulia ndevuni, miwani imeteremka mpaka ncha ya pua. "Samahani, dada. Mashine ina kichaa tangu jana."

"Na hilo koti lako nalo lina kichaa? Mfuko umekaa upande kama mlevi. Nani kakushonea?"

"Hospitali."

"Basi hospitali nayo ikatibiwe."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mtoa dawa akacheka pia, akaona haya, akasukuma miwani. Alipofungua cheti chake akainamisha sauti ili wa nyuma wasisikie, akamweleza sindano yake yenye umbo la kalamu, ile ya kupunguza uzito ya mara moja kwa wiki, namna ya kuihifadhi na mahali pa kuchoma. Hakumtazama kiuno wala hakutoa nasaha za kula mboga. Fundi alilitambua hilo. Tangu magoti yaanze kumsumbua, kila mtu alimshauri kuhusu sahani yake, hata wasioweza kupika chai.

"Hilo koti lilete," alimwambia akiondoka, uso bado umekunjwa. "Niko nyuma ya kituo cha mafuta. Siwezi kulala nikijua liko hivyo."

Alhamisi koti likafika, na mwenyewe ndani yake.

Mapenzi ya watu wazima hayana madoido mengi. Mtoa dawa alianza kupita dukani akitoka kazini, akakaa kwenye benchi la wateja, akatazama miguu ya fundi ikisukuma cherehani. Yeye akamwita Fundi tu, lakini namna alivyolivuta hilo neno, hata dada mkubwa wa fundi, aliyekuwa akikunja nguo pembeni, alikohoa. Fundi naye akambatiza Dirisha.

"Dirisha, leo umemhudumia nani?"

"Watu mia mbili. Hakuna hata mmoja aliyenitukana. Siku imekuwa ndefu."

"Kesho nitakuja nikufupishie."

Jumapili, siku ya sindano, simu ililia saa nne barabara.

"Umejichoma, mpenzi?"

"Nimejichoma, mpenzi. Umekula, mpenzi?"

"Nangoja unialike."

"Ngoja basi. Aliyengoja dirishani kwako hawezi kukosa kukungojesha na wewe."

Miezi minane ikapita hivyo. Wakakubaliana kwamba mwisho wa mwezi ule mtoa dawa atakuja na baba yake mdogo na shangazi yake, wakae na wakubwa wa fundi, neno lisemwe. Dada akaanza kumwita shemeji kabla hata ya siku.

Hapo ndipo ile dawa ilipogoma. Fundi alikuwa ameshapanda nayo ngazi zote za dozi, yuko namba ya mwisho kwenye kalamu, na mizani imesimama palepale kama punda aliyechoka. Daktari akamwandikia nyingine, nayo ya kalamu, nayo ya mara moja kwa wiki, lakini si ileile. Fundi akaipeleka karatasi dirishani.

Siku hiyo mashine ya kuchapa lebo ilikuwa imekufa kabisa na foleni imefika nje. Mtoa dawa alifurahi kumwona, na furaha ile ndiyo iliyoharibu.

"Sikiliza, Fundi. Hizi mbili hazichanganywi. Hata kama ya zamani imebaki, iache. Sindano yako ya mwisho ilikuwa lini?"

"Jumapili."

"Basi hesabu siku saba zitimie. Jumapili ijayo ndiyo unaanza hii. Mengine nimekuandikia kwenye boksi."

Akachukua kalamu ya wino, na mahali ambapo mashine ingechapa kiasi cha dawa, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa kulala: *Anza chini upande taratibu mpenzi wangu.* Akalisukuma boksi chini ya kioo. Fundi akalisoma palepale, akatabasamu kwa ajili ya yale maneno mawili ya mwisho, akalitia mkobani. Karatasi ya daktari, yenye namba, ikabaki dirishani.

Fundi hakuwa mtu wa kupuuza maagizo. Mtu anayekata kitambaa cha mwenzake hujifunza adabu. Jumatatu hakuchoma, Jumatano hakuchoma, siku saba zikatimia. Jumapili akanawa mikono, akasoma tena boksi. Anza chini. Basi si tumboni tena, ni pajani. Upande. Akatafuta upande wa paja, pale mshono wa gauni unapopita. Taratibu. Akazungusha kizungushio cha namba mpaka mwisho, alikozoea kuwa, akasukuma polepole, akihesabu pumzi. Simu ilipolia akasema, "Nimefanya kama ulivyoandika."

"Ndiyo maana nakupenda," mtoa dawa akajibu.

Usiulize Jumatatu ilikuwaje. Asubuhi kichefuchefu, mchana matapishi, jioni hata maji ya kijiko yalirudi. Jumanne dada yake akamkuta amelala sakafuni kwenye vipande vya kitambaa, midomo imekauka, akikaripia ndoo kwamba iko mbali.

"Mdogo wangu! Una nini?"

"Dawa," fundi akasema. "Dawa yake yule."

Wodini wakamtundikia dripu. Daktari akambonyeza tumbo, akauliza mara mbili kama maumivu yanapenya mpaka mgongoni, maana hapo pangekuwa na balaa kubwa zaidi. Hayakupenya. Wakachukua damu, wakamwambia asubiri. Fundi alikuwa amefumba macho pale viatu vilipokuja mbio sakafuni. Alivitambua. Moyo wake, mjinga ule, ukafurahi.

Mtoa dawa alifika anahema, koti wazi, uso umemsawijika. Alikuwa ameogopa kuliko alivyowahi kuogopa, na woga wa mwanamume mara nyingi hutoka na meno.

"Ulizungusha namba ngapi?"

Si pole. Si unajisikiaje. Fundi akafumbua macho. "Ya mwisho."

"Ya mwisho! Una wazimu? Mwili wako haujui kwamba ulikuwa juu kwenye dawa nyingine. Kwa hii wewe ni mgeni! Mgeni anaanzia mlangoni, hapandi kitandani! Si nilikuandikia?"

"Uliandika. Nikafanya."

"Hukufanya! Ulitaka kukonda upesi, basi. Haraka! Haraka yenu hii itawaua, kila siku nayaona dirishani. Nilidhani wewe una akili."

Wagonjwa watano waliokuwa wodini wakageuza shingo. Dada akashika kifua.

Yapo matusi ya mama na matusi ya baba, mtu huyasikia akatema mate akapita. Lakini fundi alikuwa mtu anayefumua pindo mara tatu mpaka likae sawa, na sasa anaambiwa ana haraka, tena akiwa amelala, na sindano mkononi, na anayemwambia ni yule aliyempenda.

"Toka," akasema.

"Fundi..."

"Toka kabla sijaing'oa hii nguzo ya dripu nikakuvunjia miwani."

Akatoka.

Fundi alirudi nyumbani siku ya tatu. Daktari alimwambia asiguse sindano yoyote mpaka ale na kunywa kama kawaida, kisha arudi kwake wapange upya. Alirudi kwenye cherehani kabla nguvu hazijarudi mwilini, na ile cherehani ilikiona cha moto. Dada alisema ukisikiliza ukutani ungedhani ndani kuna vita. Simu ya mtoa dawa ililia siku ya kwanza mara tisa, ya pili mara sita. Haikupokewa. Mwisho wa mwezi ukafika, wakubwa hawakuja, na majirani waliokuwa wamejiandaa kuchungulia wakafunga mapazia yao.

"Mpokelee basi," dada akasema. "Labda ana la kusema."

"Alishasema."

"Alikuwa na hofu, mdogo wangu. Wanaume wakiogopa hubweka."

"Mbwa akibweka simwoi."

"Wewe unaolewa, huoi."

"Dada, kunja nguo."

Wiki ya tatu ukaingia ujumbe. Fundi alikuwa amebana pini mdomoni. Akausoma, na zile pini zikaanguka moja moja juu ya meza.

*Nimekusamehe, mpenzi. Tuyaache yaishe.*

"Kanisamehe," fundi akasema polepole. Akarudia kwa sauti. "Dada! Kanisamehe!"

"Alhamdu... ee, au si vizuri?"

"Kanisamehe *mimi*!"

Alichomoa lile boksi kwenye droo ya vifungo. Alivaa viatu vya mtoko. Dada alipomwona anachukua mkoba akajua hana la kuzuia, akamfuata nyuma na kanga begani, maana jambo kama lile si la kungoja kusimuliwa na mtu mwingine.

Ukumbi wa dawa ulikuwa umejaa kama siku zote. Fundi hakuchukua namba. Alikwenda moja kwa moja, akaligonga boksi kwenye kioo.

"Soma."

Mtoa dawa akanyanyuka nusu. Alikuwa amekonda yeye, bila sindano yoyote. "Fundi. Watu wanasubiri."

"Na mimi nilisubiri siku saba. Soma kwa sauti."

Akasukuma miwani. "'Anza chini, upande taratibu, mpenzi wangu.'"

"Eeeh!" foleni ikaguna kwa raha.

"Nyamazeni!" fundi akawageukia. "Sasa nifafanulie. Mimi sina akili."

"Si iko wazi? Anza chini: kiasi cha chini kabisa. Upande taratibu: uende ukipanda kidogo kidogo, wiki nne kwa wiki nne, daktari akikuangalia."

Fundi akainama karibu na kioo.

"Kupanda?"

"Kupanda."

"Kupanda nini? Mti?"

"Dozi! Kupanda dozi!"

"Mimi nimesoma *upande*!" Akajipiga paja kwa kiganja, kofi likasikika mpaka mlangoni. "Upande! Huu! Anza chini, si tumboni tena, pajani. Upande, hapa pembeni mshono unapopita. Taratibu, usisukume kwa nguvu. Nikafanya yote matatu! Niambie namba iko wapi hapa! Nionyeshe namba moja!"

Mtoa dawa akalichukua boksi. Akaligeuza. Midomo yake ikasoma bila sauti, mara ya kwanza, mara ya pili.

Mzee mmoja mwenye fimbo akajongea. "Hebu, mwanangu, nami nisome." Akashika boksi mbali na macho. "Upande. Ubavu. Mimi ningejichoma ubavuni."

"Hapana, babu," akasema mama aliyebeba mtoto, "ni kupanda. Kama ngazi."

"Ngazi iko wapi hapa?"

"Na koma iko wapi?" akauliza mwingine aliyeonekana kuwa mwalimu. "Bila koma kila mtu na njia yake."

"Mimi naona 'mpenzi wangu' tu," dada akasema, na watu wakacheka. Fundi akamkata jicho.

Mtoa dawa hakucheka. Rangi ilikuwa imemtoka. Wiki tatu alikuwa amembeba mwanamke yule kichwani kama mtu mwenye pupa aliyeponea chupuchupu, akajiona mkarimu kumsamehe. Sasa aliiona ile siku ilivyokuwa: mashine mbovu, foleni ndefu, na yeye akitabasamu kama kijana, akiandika mapenzi mahali pa namba.

Akafungua mlango wa pembeni akatoka. Watu wa foleni hawakuwahi kumwona bila kioo. Wengine walishangaa kwamba ana miguu.

"Fundi, ni makosa ya..."

"Ya nini? Ya mashine? Ya wino?"

"Yangu."

"Sijasikia."

"Ni yangu. Nisamehe."

"Wodini ulinitukana mbele ya watu. Hapa unaninong'oneza?"

Mtoa dawa akavuta pumzi, akaigeukia foleni. "Jamani. Mama huyu alifanya nilichoandika, neno kwa neno. Nilichoandika kilikuwa kibovu. Sikuweka namba na sikumuuliza ameelewa nini. Angeweza kufa. Halafu nikamwambia ana haraka." Akavua miwani. "Mwenye haraka nilikuwa mimi."

 Yule mzee akagonga fimbo sakafuni mara moja, kama anayepiga muhuri.

Fundi alitaka hasira yake ishuke. Alingoja. Haikushuka. Ilikuwa imekaa kifuani imekunja miguu.

"Nimesikia," akasema. "Lakini sijapoa." Akachukua boksi lake akaondoka, dada akimkimbilia nyuma.

Siku nne mtoa dawa hakupiga simu. Alikwenda kwa mkuu wake, akaeleza kosa lake mwanzo mpaka mwisho, akaandikiwa barua ya onyo, akaomba kitu kimoja: pasitoke boksi bila namba, mashine ikifa mashine ikipona, na kila anayebadilishiwa dawa aulizwe aseme kwa maneno yake mwenyewe atakavyofanya. Mkuu akasema foleni itarefuka. Akajibu, "Irefuke." Hayo fundi aliyapata kwa dada yake, ambaye alikuwa ameanza kuwa na maumivu ya kichwa yasiyoisha, yanayohitaji dawa kila asubuhi pale dirishani.

Jumapili alasiri hodi ikapigwa. Fundi alikuwa nyumbani, miguu juu ya stuli, kalamu mpya mezani mbele yake. Asubuhi ya Ijumaa daktari alikuwa amempa ruhusa aanze tena, maana sasa chakula alichokula kilikaa tumboni. Tangu saa nne alikuwa akiitazama ile kalamu. Hakuigusa.

"Ingia," dada akamwambia mgeni, "lakini mimi sijakuona." Akatoka kwenda kwa jirani.

Mtoa dawa akasimama katikati ya sebule. Fundi hakumpa kiti.

"Naiogopa," fundi akasema, kwa ukali kama vile anamlaumu kwa mvua. "Umenifanya niogope kitu nilichokuwa nakichoma huku naimba. Umeridhika?"

"Hapana."

"Basi niambie nifanye nini."

"Sikuambii. Niambie wewe. Daktari kasema nini?"

Akamkazia macho. "Ya zamani nisiiguse tena. Hii naanza namba ndogo kuliko zote, hata kama kwenye ile nilikuwa juu. Mara moja kwa wiki, siku ileile. Nisiongeze mwenyewe, baada ya wiki nne daktari ataniona. Nikitapika maji yasikae, au tumbo likiuma mpaka mgongoni, niende hospitali, nisingoje dada anikute sakafuni."

"Na namba ndogo ni ipi?"

Akamwonyesha kwa ukucha. "Hii."

"Ndiyo."

"Tumboni au pajani?"

"Popote kati ya hapo. Utakapo wewe."

Fundi akazungusha. Akaitukana ile kalamu kwanza. Akajichoma tumboni, akahesabu, akachomoa. Mtoa dawa naye alikuwa anahesabu kimoyomoyo, midomo inamcheza, jasho limemtoka kuliko mgonjwa. Fundi alimwona. Kitu fulani kikamlegea, naye akakikasirikia hichohicho.

"Baba yako mdogo yupo?"

"Yupo."

"Na shangazi?"

"Yupo. Amekuwa akinitukana kwa niaba yako."

"Namheshimu tayari. Walete Jumamosi."

Mtoa dawa akaona sakafu inasogea. "Fundi. Umepoa?"

"Nani kakwambia nimepoa? Nitakukumbusha ukiwa mzee, meno yote yametoka. Nitaolewa nawe pamoja na hasira yangu, mzigo mmoja, haugawanywi. Kama huuwezi, mlango huo."

Mtoa dawa akautazama mlango. Akauendea. Fundi akashika mkono wa kiti, na kwa mara ya kwanza tangu wodini ile hasira ikamkimbia yote, ikamwacha mtupu.

Pale mlangoni mtoa dawa akainama, akavua viatu, akavipanga ukutani pamoja na vya nyumba ile. Akarudi na soksi tu, akakaa.

"Nani kakuruhusu kukaa?" fundi akafoka, huku akifuta macho kwa mkono mmoja na kumsogezea stuli kwa mguu.